Sabuni Iliyokataa Kwisha

Mke wangu ana haraka ya kuzaliwa nayo, simsingizii. Hata mama mkwe husema huyu alifika kabla ya mkunga. Sasa mtu wa namna hiyo, kati ya kazi zote za dunia, akachagua kutengeneza sabuni ya mche. Haya, nikasema, tutaona.

Alikuwa anachanganya mafuta ya nazi na maji ya kostiki, ile dawa kali ya kugandishia sabuni, kwenye ndoo, anakoroga kwa mwiko mpaka mchanganyiko unakuwa mzito kama uji, anamimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Siku ya tatu anakata, na siku hiyohiyo anauza. Povu lake usiseme, lilipanda hadi viwiko. Lakini uisahau kwenye beseni ukaitikie hodi, ukirudi unakuta maji meupe.

Aliyemchoma ni Bi Kamba, mkuu wa wafuaji kwenye nyumba ya wageni ya mtaani kwetu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna shuka lililopanda kambani bila ruhusa yake. Pale kila mfuaji hupewa mche mmoja Jumatatu, umfikishe Jumamosi. Basi Bi Kamba akamwambia mke wangu mbele za watu, macho makavu, "Shoga, sabuni yako nzuri, ila haikai. Inakuja kusalimia tu." Wafuaji walicheka wakishika mbavu.

Alirudi akaketi jikoni na viatu miguuni.

"Nataka mche wangu ufike Jumamosi pale," akaniambia. "Usipofika, naacha kabisa. Hiyo ndoo utaoshea minyororo yako."

Mimi ni fundi baiskeli, mikono yangu imeshiba grisi. Ndiyo maana nikateuliwa kuwa mjaribu sabuni, bila kuulizwa. Akachanganya upya, akaongeza mawese kidogo, akanikabidhi mche. "Oga nao, nawa nao. Ukimaliza wiki mbili mikononi mwako, utaweza wiki moja kwa wafuaji."

Siku ya nne mche ulikuwa umebaki nusu. Nikamtazama anavyopita pita na kisu chake, anaimba, nikashindwa kumwambia. Nikaanza kunawa kwa mafuta ya taa na vumbi la mbao kule kwenye kibanda changu cha ufundi, nyumbani naoga maji matupu. Kila jioni ananiuliza, "Ipo?"

"Ipo."

"Kweli?"

"Tele!"

Jamani, uongo ule ulikuwa mtamu. Alivyokuwa anafurahi, nami nikazidi kuutia chumvi, eti sabuni hii nadhani inaongezeka.

Siku ya kumi na tano akapeleka mche mpya wa mchanganyiko uleule kwa Bi Kamba. Ilikuwa Jumatatu. Jumatano mchana nikamwona mke wangu anakuja kibandani kwangu, kiganjani amebeba kipande kama punje ya hindi.

"Kwako siku kumi na nne," akasema. "Kwao siku mbili na nusu. Wafuaji wanaitafuna?"

Nikajikohoza. Nikainua pampu, nikaiweka chini. Mwisho nikatapika yote, mafuta ya taa, vumbi la mbao, maji matupu.

"Wiki mbili hujagusa sabuni?"

"Siku nne niligusa."

Nilitegemea anifokee, nilishajiandaa. Hakufoka. Alikaa juu ya tairi bovu akalia. "Wale walinicheka tu," akasema. "Wewe ndiye uliyenituma nikachekwe." Maneno yale yalinikata maini.

Siku tatu tuliongea mambo ya chumvi na funguo tu. Ya nne nikaenda mwenyewe buchani kuomba mafuta ya ng'ombe, nikayayeyusha na kuyachuja mpaka nyumba ikanuka supu. Aliyatazama, akavuta ndoo. Safari hii, ili mche uwe mgumu, nazi akaipunguza, mafuta ya ng'ombe yakawa mengi, maji akayapima kwa ubahili, na kijiko cha chumvi akakikoroga kwenye maji kabla ya kostiki. Miche akaipanga juu ya kabati, imeachana ili upepo upite. Ikae wiki sita.

Wiki sita! Mke wangu! Alilizunguka lile kabati mchana kutwa, anabonyeza kwa kidole gumba, anajikemea mwenyewe. Mara mbili alishika kisu akate auze, mara mbili akakirudisha. Mimi nilimfumia kichanja cha spoku za baiskeli, sabuni ikae juu ikauke, isilale kwenye maji.

Jaribio la pili alisimamia mwenyewe, mlangoni pa bafu.

"Paka!"

"Napaka!"

"Mbona kimya?"

"Mama, sabuni haipigi kelele!"

Siku ya kumi na moja kipande cha mwisho kikaniishia mikononi. Tulitaka kumi na nne. Nikasimama mle bafuni natiririka maji, naisikia sauti yake, "Ipo?" Ulimi ulishajipinda kusema ipo.

"Imekwisha," nikasema.

Akauliza, "Na mikono imetakata?"

"Imetakata."

Jumatatu alimwendea Bi Kamba, akasema hivyohivyo bila kuongeza neno. Kwa mikono ya fundi baiskeli, siku kumi na moja, si zaidi. Bi Kamba alizoea wauzaji wa kuapa mpaka kwa marehemu. Akaugonga mche kwa ukucha, akauchukua na kichanja chake.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Bi Kamba aliinua kipande chembamba, unene wa kidole.

"Imefika," akasema. "Lete ya wafuaji wote."

Mke wangu aliruka pale kambani, mashuka yakatikisika, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Njiani kurudi alikuwa akicheka peke yake. Mara akasimama, akanigeukia.

"Sasa niambie ukweli. Chai yangu ikoje?"

"Chungu," nikasema. "Unaichemsha mno."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

"Miaka ishirini na miwili! Na ukanywa?"

"Nikanywa."

Alipangusa macho kwa upindo wa kanga, akanishika mkono tukaendelea.

"Kesho," akasema, "utanifundisha."