Mabati Niliyotaka Yaonekane Barabarani

Siku ile naikumbuka hadi kitenge nilichovaa, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, mchana, Bukima nyumbani kwa mama yangu. Nilikuwa nimekaa barazani, shingo juu, natazama paa la mabati mapya na kujisifu moyoni kwamba katika mabinti wote waliotoka kijiji kile kwenda mjini, mimi ndiye niliyekumbuka nyumbani. Kabla jua halijaanza kushuka, paa lile halikuwepo tena.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha za kiwanja chako cha Butiama, ukaniambia umeshapata mtu wa kuifyeka miti yote ya upande wa juu ili nyumba ionekane vizuri kutoka barabarani. Nilicheka, ukadhani nimefurahi. Wala sikufurahi. Nilikuwa najiona mwenyewe nikiwa na umri wako, na jeuri zangu zote.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kigera, kule mjini, nikiuza dagaa. Nilichukua mzigo mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, naupeleka Bunda, narudi. Baba alikuwa amefariki, kaka zangu wametawanyika, na mama alibaki peke yake kwenye nyumba ya nyasi iliyovuja. Miguu ilikuwa inamvimba, kutembea kwake ni kwa kushika ukuta. Nikaapa kwamba mvua za vuli zitamkuta chini ya bati. Nia yangu ilikuwa njema, hilo sijinyimi. Ila ndani ya nia hiyo nilikuwa nimeficha jambo jingine: nilitaka watu wapite, waangalie, waseme huyu binti wa marehemu ni mtu.

Sasa, kwetu nyumba haikuezekwa na mtu mmoja, hasa nyumba ya mjane. Siku ikishapangwa, wanawake walikuja na matita ya nyasi kichwani, wanaume walipanda juu kufunga, na mwenye nyumba alipika ugali wa muhogo na mtama, na samaki, na chochote kilichopatikana. Hakuna aliyekaa nyumbani kwake siku hiyo, labda mgonjwa. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nilikuja na fundi wangu kutoka mjini, nikamwambia amalize kabla ya Jumapili ili watu wanaokwenda kanisani waikute nyumba inang'aa. Fundi alinieleza kwamba kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zinatakiwa kufungwa kwa waya mnene hadi chini ukutani, na kwamba kazi hiyo itamchukua siku mbili zaidi. Nikamwambia apige misumari, inatosha. Alinitii, maskini, kwa kuwa mwenye nyumba ni mimi.

Kisha nikaigeukia minyaa. Wewe mtoto wa siku hizi unaijua minyaa kama miti ya kuzungushia ua tu, lakini ile ya kwetu ilikuwa imepandwa na babu yangu, mistari miwili, upande wa ziwani, mirefu kuliko nyumba. Ilizunguka boma letu na kuendelea hadi kwa baba yangu mdogo, Magesa, mdogo wake marehemu baba, ambaye tulipakana naye. Barabara ilipita upande huo huo wa ziwani, kwa hiyo minyaa iliziba mabati yangu mapya. Nilichukua vijana wawili wenye mapanga, wakaifyeka yote ya upande wetu.

Baba mdogo alikuja akiwa ameshika fimbo yake ya kuchungia. Alisimama, akatazama matawi yaliyolala chini yakitoka utomvu.

"Nyabwire, hii babu yako alipanda. Unakatia nini?"

"Baba mdogo, nataka nyumba ionekane."

"Na nani?"

"Na watu wanaopita."

Akaelekeza fimbo ziwani. "Upepo nao unapitaga hapa, mwanangu. Tena unaanziaga pale majini, haukutani na kitu mpaka ufike kwako."

Nikamjibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya nyumba za nyasi, hii ni bati. Ndivyo nilivyosema, mbele ya wale vijana, na mmoja wao akacheka. Baba mdogo hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Basi hata kufunga kenchi ungetuita. Nyumba ya mke wa kaka yangu, naionaga kwa macho kama mgeni?" Nikasema fundi anatosha. Mama alikuwa amemwandalia uji. Alishukuru, akauacha pale pale, akaondoka. Mtu mzima kuacha uji kwa shemeji yake ni jambo zito, nami nililijua, lakini nilitia pamba masikioni.

Zikapita wiki tatu za raha. Watu kweli walipita, kweli waliangalia. Halafu ikaja ile Jumamosi niliyoanza nayo.

Nilikuwa nimemletea mama sukari na sabuni. Nikiwa pale barazani niliona ziwa limebadilika rangi, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa ufukweni wanakimbia kuzoa. Mitumbwi ilikuwa inarudi kwa makasia ya watu wanaoogopa. Kukatulia ghafla. Kuku waliingia ndani wenyewe. Nikamwambia mama mvua inakuja, tumepata bahati, mwaka huu hatuvujiwi.

Ninyi mnaona vimbunga kwenye simu, vile vya baharini vinavyopewa majina, vinavyong'oa miji. Vile havifiki kwetu, namshukuru Mungu. Upepo wa kwetu hauna jina na hautangazwi na mtu. Unatoka ziwani ghafla, unapiga kwa muda usiozidi wa kusonga ugali, na unakuacha ukiwa mtu mwingine.

Ulianza kwa kugonga bati moja la pembeni, upande ule niliofyeka. Likawa linapiga, linapiga, kama mtu mwenye hasira mlangoni. Misumari ikaanza kutoka. Kisha upepo ukaingia chini ya paa na kulinyanyua, kenchi na mabati pamoja, likakaa juu angani kidogo, nikaona mbingu nyeusi nikiwa nimesimama chumbani kwa mama. Halafu likapasuka vipande, na kila kipande kikaenda njia yake. Ukuta wa matofali mabichi, uliokuwa umebaki bila kitu cha kuushika juu, ukaanza kuinama kuelekea kitandani.

Mama hakuweza kukimbia. Nilimvuta mkono, akaanguka, akawa mzito. Nje mabati yalikuwa yanaruka usawa wa vichwa vya watu. Ukitoka umekatwa, ukikaa ukuta unakulalia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kelele zangu hata mimi sikuzisikia. Nikajua kwamba mama yangu anakufa na kwamba nimemuua mimi, kwa kutaka sifa. Sijawahi tena kuwa na woga kama ule, na nimezaa mara sita.

Ndipo nikaona kitu kinatambaa mlangoni. Ilikuwa ngozi kavu ya ng'ombe, ile kubwa baba mdogo aliyokuwa anaanikia mihogo, na chini yake alikuwamo yeye pamoja na jirani yetu Mama Masatu, mjane mwenye mgongo wa nguvu. Walikuja kwa magoti kutoka kwa baba mdogo hadi kwetu, wamejifunika ngozi hiyo. Hakuna aliyewaita, maana hata kama ningewaita wasingesikia. Mama Masatu alimbeba mama mgongoni. Baba mdogo nami tukashika ncha za ngozi juu yao, tukatambaa hivyo, wanne, kuifuata minyaa ya upande wake, ile ambayo panga langu halikuifikia. Nyuma ya minyaa ile upepo ulipungua, nikaweza kuvuta pumzi. Bati moja lilitupiga tukiwa bado njiani. Lilichana ngozi, halikutufikia. Tulipoingia kwake tukasikia ukuta wetu unaanguka.

Upepo ulipokwisha tulitoka kuangalia. Kanisa halikuwa na paa. Shamba la mihogo lote limelala upande mmoja, migomba imekatika, dagaa wa watu wamerudi ziwani, na mitumbwi mitatu imepanda juu nchi kavu imevunjika mbavu. Mvuvi mmoja aliteguka bega. Watu walikuwa wanazunguka wakiita majina ya watoto wao, na watoto wote wakapatikana. Hilo tu lilitosha kutupigisha magoti.

Lakini kwa Mama Masatu nilimkuta amesimama zizini. Bati langu, jipya, na alama za misumari yangu, lilikuwa limemkata miguu ng'ombe wake wa maziwa. Alikuwa na huyo mmoja tu. Lilimkata wakati yeye mwenyewe yuko chini ya ile ngozi, amembeba mama yangu.

Nilipiga magoti, mwanangu. Yeye alikuwa analia, haki yake kulia, akampigapiga yule ng'ombe shingoni, kisha akamwomba baba mdogo amchinje asiteseke. Usifikiri alitabasamu akanisamehe pale pale. Hakunitazama hata kidogo, na jioni ile nililala kwa baba mdogo nikitamani arudi anitukane.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naokota vyombo vya mama kwenye kifusi. Nikasikia watu. Walikuwa wanakuja kwenye njia, wanawake wana matita ya nyasi vichwani, wanaume wana fito na kamba. Watu ambao sikuwaita nilipoezeka bati. Nusu yao walikuwa hawana paa wenyewe. Walikuwa wamekubaliana kuanza na wazee na wagonjwa, na mama alikuwa wa kwanza. Mbele yao wote alitembea Mama Masatu. Alitua tita lake miguuni pangu, akaniwekea na beseni lililofunikwa jani la mgomba.

"Pika," akasema. "Watu watakuwa na njaa."

Nilifunua. Ilikuwa nyama ya ng'ombe wake.

Nilipika nikilia, machozi yakiingia jikoni, na hakuna aliyenicheka. Baba mdogo alikuwa juu anafunga. Nilipompelekea maji nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi, akanikatiza: "Lete kamba kwanza, maneno yapo." Kufikia jioni mama alilala chini ya nyasi kavu kwenye kibanda kipya, nyuma ya minyaa ya shemeji yake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nikimkumbuka akicheka na wajukuu, nawashukuru wale wawili waliokuja kwa magoti. Namshukuru Mungu pia kwa Mama Masatu, aliyenipa nyama badala ya matusi yaliyonistahili. Ndama niliyempelekea baadaye alimpokea, lakini najua kabisa ndama huyo hakulipa deni langu.

Kwa hiyo nisikilize. Miti ya Butiama usiifyeke. Aliyeipanda alikuwa na sababu, na kama hayupo tena wa kukueleza, muulize jirani mzee kabla hujashika panga. Fundi akikwambia kenchi zifungwe, mwache afunge hata kama itapita wiki nzima, maana paa lililofungwa vibaya haliumizi mwenye nyumba peke yake. Linakwenda kumkata mtu ambaye hakukukosea kitu. Nawe unaweza kununua kila kitu cha ujenzi siku hizi, najua, hata wapishi wanakodishwa. Hata hivyo siku ya kuezeka waite watu wa hapo. Wape kazi, hata ya kushika ngazi. Wapikie, wale, waijue nyumba yako kwa mikono yao. Na siku upepo ukipita ukakuacha salama, usikae ndani kumshukuru Mungu kwa mdomo. Toka ukaangalie nani ameanguka. Mimi nimebaki hai kwa sababu kuna watu waliofanya hivyo nilipokuwa sistahili.

Basi nyumba yako isimame, mwanangu, na watoto wako walale ndani yake bila hofu. Mungu akupe majirani wanaokuja bila kuitwa, na akupe adabu ya kuwaita mapema.