Marselino Apima Kompyuta kwa Mzigo

Kwa miaka kumi na tisa Marselino alivusha watu kwa mtumbwi pale Kivukoni. Daraja lilipofunguliwa, abiria wakaanza kupita juu, yeye na mwenzake Agapiti wakabaki chini wanasikiliza matairi. Agapiti akageukia uvuvi. Marselino, ambaye samaki hakuwahi kuwapenda hata wakiwa kwenye sahani, akapanga fremu ya duka Ifakara mjini, akanunua kompyuta moja ya mtumba, pedi mbili za kuchezea na benchi, akafungua banda la gemu. Vijana wakamwita Nahodha. Mwanzoni lilikuwa la kumtania, baadaye likawa jina.

Kucheza hakujua. Alikaa karibu na mlango akiangalia mikono ya wachezaji, siyo skrini. Mtoni alizoea hivyo. Abiria mwenye hofu humtazami usoni, unatazama mikono, maana ndiyo itakayong'ang'ania ubavu wa mtumbwi na kuwamwaga wote. Hata bandani, kijana akianza kuikaba pedi, Marselino alijua huyu ataondoka amenuna, akasogeza chupa za soda mbali naye.

Masika ya mwaka wa pili tangu daraja, radi ikapita kwenye nyaya za mtaa na kompyuta haikuwaka tena. Vijana wakahamia kwa Faustin, mwenye banda jingine karibu na stendi. Tatizo ni kwamba fainali ya ligi ya mtaa, ile ya mpira wa kwenye kompyuta, ilikuwa imeshapangwa kuchezwa kwa Nahodha Jumamosi. Waliosimamia ligi walimwambia bila kumficha: wakikuta hakuna kompyuta, au wakikuta inaganda, wanakwenda kwa Faustin na huko ndiko watakakobaki.

Kulikuwa na jambo jingine. Shemeji yake Remigius, anayefanya kazi kwenye shamba kubwa la mpunga kule Mngeta, alimshikia nafasi ya kibarua mpaka Jumatatu. Marselino hakuidharau kazi ile. Ila ilimaanisha kulala kambini na kumwona mkewe Scolastica na watoto mara moja kwa mwezi, ikitokea. Alikuwa amewavusha watu wengi wanaokwenda kuishi mbali na kwao, na alikumbuka jinsi walivyokaa kwenye mtumbwi, mgongo wameugeuzia upande wanakokwenda.

Jumatano akaenda kwa Violeth, binti anayeuza kompyuta za mtumba jirani na soko. Violeth akamwamkia, akamvutia stuli, akamwekea mbili mezani. Bei yake ilikuwa moja, na kwa nje zilifanana kama matofali. Tofauti ilikuwa kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu zote. Ya kwanza ilikuwa na kori moja tu yenye kasi kubwa, imeandikwa tatu nukta mbili. Ya pili ilikuwa na kori mbili, lakini kasi ya kila moja ilikuwa ndogo, moja nukta nane. Violeth akamfafanulia kwamba kori ni kama mfanyakazi: pale kuna mmoja mwenye mbio, hapa kuna wawili wa kawaida.

"Sasa gemu yenyewe inataka ipi?" Marselino akauliza.

"Gemu yenu ya zamani, mjomba. Inamjua mfanyakazi mmoja tu. Wa pili haimpi kazi."

Wakaijaribu gemu kwenye zote mbili. Kwenye ile ya kori moja wachezaji waliteleza uwanjani kama wamepakwa mafuta. Kwenye ya kori mbili walikimbia pia, ila kwa uzito kidogo, kama wametoka kula. Marselino hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtoni alikwishaona wapiga kafi wawili wakivutana mpaka mtumbwi unazunguka palepale. Akaona bora mmoja mwenye nguvu. Akaibeba ile ya tatu nukta mbili begani mpaka bandani.

Alhamisi vijana wakarudi. Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri, mmoja akasema Nahodha kaleta ndege. Halafu Marselino akawasha muziki, maana banda lisilo na muziki watu hulipita wakidhani limefungwa, na muziki ulitoka kwenye kompyuta ileile. Akawasha na programu ya muda, ile inayohesabu dakika za kila mchezaji na kusema kwa sauti zikikaribia kwisha. Bila programu hiyo, kila mchezo ulimalizika kwa ubishi. Mpira ukafika golini, kipa akaruka, na kila kitu kikaganda hivyohivyo, kipa akiwa hewani. Muziki nao ukakwama kwenye neno moja, ukawa unalirudia. Kila kitu kilipoachia, mpira ulikuwa wavuni na aliyefungwa alikuwa amesimama, pedi iko chini.

Mpaka jioni iliganda mara sita. Marselino alizima muziki, ikapungua lakini haikuisha, maana kila sauti ya muda ilipotoka, gemu ilisimama kwanza kuisikiliza. Vijana wakaondoka mmojammoja bila kelele, na hilo ndilo lililomuumiza. Anayekusudia kurudi hugomba kwanza.

Ijumaa asubuhi Agapiti akapita na baiskeli akitoka kuuza kambale. Akakaa kwenye benchi tupu, akamsikiliza mwenzake akieleza habari yote, kori moja, kori mbili, gemu, muziki na sauti ya muda. Kuhusu kompyuta hakujua lolote. Akauliza swali moja tu, kule dukani aliijaribu na nini. Marselino akasema aliijaribu na gemu.

"Gemu peke yake? Muziki hapana, muda hapana?"

"Peke yake."

Agapiti akacheka mpaka akashika tumbo. "Yaani wewe, Marselino, umenunua mtumbwi mtupu."

Pale Kivukoni hakuna aliyenunua mtumbwi bila kuupakia. Mnaweka magunia manne ya mpunga, muuzaji mwenyewe mnampandisha, mnakwenda katikati ya mto na kurudi, ndipo mnazungumza bei. Mtumbwi mtupu kila mmoja ni mwepesi. Na aliyekuwa mkali wa jambo hilo kuliko wote alikuwa Marselino mwenyewe. Aliwahi kumzuia Agapiti huyuhuyu asinunue mtumbwi mzuri wa kutoka kijiji cha Mbingu kwa sababu muuzaji alikataa kupanda.

Akajitetea kwamba aliogopa wawili watavutana.

"Mimi na wewe tulivutana lini?" Agapiti akasema. "Mimi mbele na pondo, nasukumia chini ya mto, naangalia viboko na mchanga. Wewe nyuma na kafi. Ningekushikia kafi lako, si tungezama?"

Mchana uleule wakaipakia kompyuta kwenye baiskeli. Marselino akabeba spika, pedi zote mbili, na programu ya muda kwenye flashi. Akaongozana na vijana wawili waliokuwa wanapita, akawaahidi mchezo wa bure. Violeth alipowaona wanaingia na mizigo akauliza kama banda linahama. Akasema mapema kwamba mashine haina ubovu wowote, inafanya kilekile ilichojaribiwa kufanya. Marselino akakubali. Akamwomba jambo moja, akae palepale aone.

Wakaanza na ya kori moja. Gemu, muziki, muda. Sauti ya muda ilipotoka, mchezaji akaganda mguu juu, na Violeth akaliona kwa macho yake. Wakahamishia kila kitu kwenye ya kori mbili. Wachezaji walikimbia na ule uzito wao wa kutoka kula, muziki ukaendelea, sauti ikasema dakika zimebaki tano, na mpira haukusimama. Kori moja ilishika gemu, nyingine ikashika hayo mengine.

"Mjomba, ungeniambia juzi kwamba unawasha vyote kwa pamoja, ningekupa hii mwenyewe," Violeth akasema.

"Na mimi ningejiuliza kwanza itabeba nini," Marselino akajibu.

Wakabadilishana. Violeth akaomba aongezewe ile iliyopigwa na radi atoe vipuri, akaletewa.

Jumamosi banda lilijaa mpaka mlangoni. Mmoja alilalamika kwamba wachezaji wamekuwa wazito, akaambiwa akazoee. Dakika za mwisho timu zilikuwa sare, na kijana mmoja akabaki na kipa peke yake. Hapohapo sauti ya muda ikaanza kusema. Banda zima likangoja kompyuta igande. Marselino aliangalia mikono. Kidole kikabonyeza, mpira ukapita pembeni ya kipa, ukaingia, na muziki ukaendelea na wimbo wake.

Aliyefungwa akageuka kutafuta wa kumlaumu. Akaitazama kompyuta, akamtazama Nahodha, akaweka pedi mezani taratibu. Waliosimamia ligi wakauliza kama ligi ijayo ianzie hapohapo. Marselino akasema ianzie tu.

Watu walipopungua, akampigia Remigius kule Mngeta akamwomba ile nafasi ampe mwingine. Kisha akaongeza sauti ya muziki kidogo na kwenda kukaa karibu na mlango.