Sauti ya Nyar Msitu

Mafuta ya kukaangia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, yana harufu mbili. Kuna ile ya asubuhi, mafuta yakiwa mapya, inayokufanya umeze mate hata kama umetoka kula. Halafu kuna ile ya saa kumi, mifupa ya mbuta imeshapita humo sufuriani mara nyingi, mafuta yamekuwa meusi, na harufu inaingia kwenye sweta na kukaa humo mpaka siku ya kufua. Hii ya pili ndiyo inayonirudisha mtaani kwetu Nyalenda. Nikiisikia sioni samaki. Naona msitu wa kijani kibichi, na mwanamke mwenye upinde begani na kovu shavuni anayegeuka kunitazama, akingoja nimsomee maneno yake. Najua si jambo la kawaida, lakini naandika lilivyo. Mama Awuor alikuwa akikaangia mlangoni mwa banda la gemu, na mabati ya banda lile yalikuwa na matundu, kwa hiyo kila tulichokiona kwenye televisheni ya Baba Shiro tulikiona tukivuta moshi wa mama huyo.

Baba Shiro alikuwa mtu wa kutoka upande wa Murang'a aliyeoza meno ya mbele na kupenda watoto kuliko alivyokubali. Banda lake lilikuwa la gemu za mpira na ngumi. Wavulana walikuwa wakibonyeza padi mpaka vidole vinaota sugu. Likizo ile ya Aprili mvua ilinyesha karibu kila siku, maji yakaingia bandani, na diski zote zikaharibika isipokuwa moja ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Tuliiita gemu ya kusoma. Humo huwezi kupiga mtu ovyo. Unatembea na wenzako watatu wanne nchi nzima, unakutana na watu, wanakuuliza maswali, na chini ya kila swali kuna majibu mawili au matatu ya Kiingereza, nawe uchague. Okello, aliyekuwa kidato cha kwanza na mikono myepesi kuliko wote, ndiye aliyeshika padi. Lakini Okello alikuwa akisoma polepole kwa kufuata na kidole, na kelele za bandani zilikuwa haziwezi kumngoja. Ndiyo maana nikaitwa mimi, Atieno wa darasa la saba, niliyekuwa nikisoma haraka ingawa sikuwa na akili nyingine ya kujivunia. "Atis, imesema aje?" Nami nilikuwa nikigeuza kwa Kiswahili, moja hivi, mbili hivi, na banda zima linapiga kelele "Moja!" au "Mbili!", na Okello anafuata kelele iliyo kubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Sikumbuki nani aliitunga.

Yule mwanamke wa upinde tulimwita Nyar Msitu, binti wa msituni. Alikuwa na moyo mdogo mwekundu pembeni mwa picha yake. Ukifanya jambo analolipenda, moyo unajaa kidogo, ukimkosea, unapungua, ukijaa wote, anakwambia anakupenda na mnaweza kuoana katika kijiji chochote chenye kanisa. Mimi nilianza kuweka daftari ili tusisahau. Ninalo bado, limeliwa na mende pembeni. "Kumpa mzee maji: moyo umepanda. Kuiba farasi: umeshuka. Kumsifu upinde: umepanda. Kumsifu uso: haukusonga." Niliandika pia sauti yake. Gemu yenyewe haikuwa na sauti, maneno tu, na wavulana walitaka Nyar Msitu azungumze. Nikampa sauti, na kwa siku za kwanza ilikuwa sauti ya mwalimu wetu wa Sunday school.

Awuor alikuwa binti wa yule mama wa mgongo wazi. Alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani. Alipokuwa mdogo mafuta yalimrukia usoni, yakaacha kovu kutoka chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo, na mdomo ukavutika kidogo, kwa hiyo akitamka maneno hewa ilikuwa ikimtoka pembeni. Nataka niseme ukweli wote: Awuor hakuwa mpole. Alikuwa na mwiko wa kugeuzia samaki na aliutumia migongoni mwetu, na mimi aliniita "kichwa ya nyanya" mbele ya watu. Siku mmoja wetu alipochungulia nje na kusema, "Yawa, si Nyar Msitu ni huyu hapa!", tulidhani atatupiga. Badala yake aliingia, akasimama mbele ya televisheni na mwiko unaodondosha mafuta, akamtazama yule mwanamke mwenye kovu kama lake, akauliza, "Na huyo ni mbaya ama ni mzuri?" Okello akajibu, "Ni mzuri. Bila yeye tungekuwa tumekufa kitambo." Awuor akarudi kwenye sufuria yake. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akija kila jiko likizimwa, anasimama mlangoni, na akiitwa Nyar Msitu anaitika.

Okello ndiye aliyeanza mchezo wa pili. Alimletea Awuor mandazi, wote tukitazama, na Awuor alipocheka mtu akapiga kelele, "Moyo umepanda!" Kesho yake alimbebea mtungi. "Umepanda!" Awuor alikuwa akisema, "Wajinga nyinyi," huku akicheka, akifunika kovu kwa kiganja, na baada ya wiki moja akaacha kulifunika. Sitaki kumwonea Okello. Siamini kwamba alianza kwa ubaya, na kuna siku alimbebea mtungi hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, niliona nikiwa dirishani kwetu. Niliandika hata hiyo. Katika daftari lilelile, ukurasa wa nyuma, nilikuwa nimeanza safu ya Awuor: "Mandazi: amecheka. Mtungi: amecheka. Kumwita kwa jina lake: ametazama chini." Kwa nini niliandika, sijui vizuri. Kama nilimpenda Okello? Nimeandika jibu hapa na kulifuta mara tatu. Acha libaki limefutwa.

Wiki ya mwisho ya likizo shangazi yake Awuor alikuja kutoka Usenge. Alikuwa na biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni huko na alitaka msichana mmoja wa kumsaidia kuanika, akae naye moja kwa moja. Mama Awuor hakumlazimisha. Alimwambia binti yake aamue mwenyewe kabla ya Jumapili jioni: abaki afanye mtihani, au aende. Awuor aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa msichana pekee pale bandani. Tulikuwa tukiparua magamba ya samaki. "Hapa kila mtu ananiangalia upande moja," alisema. "Huko sijui mtu. Lakini kama kuna mtu hapa ananitaka, Atis, nitabaki. Nitasoma." Akaniuliza kama Okello anamaanisha. Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Nilimwambia Okello kila kitu, na nilimwambia mbele ya wengine, nikicheka, nikitumia sauti ya Awuor, na wote wakacheka na Okello naye akacheka.

Siku hiyohiyo, Ijumaa, gemu ilitufikisha kwenye lango la jiji la malkia. Moyo wa Nyar Msitu ulikuwa umejaa. Malkia akasema atafungua lango tukimwachia mmoja wetu, naye anamtaka yule wa upinde. Nikasoma: moja, mtoe; mbili, kataa, mpigane. Kulikuwa na kelele za pande zote, na wengine, haki yao nawapa, walikuwa wakisema mbili. Nimejiuliza miaka yote hii kama niliisoma moja kwa sauti kubwa kuliko mbili. Nafikiri ndiyo. Okello akatazama nyuma, akabonyeza moja. Nyar Msitu akaongea maneno marefu, nami nikayasoma kwa sauti ya Awuor, na hewa ikinitoka pembeni ya mdomo: "Nilidhani mimi ni mwenzako. Ungeniambia tu, ningeenda mwenyewe." Banda likavunjika kwa kicheko. Tulikuwa tumesevu gemu kabla ya lango, kwa hiyo tukarudi tukamtoa tena. Tukarudi tukamtoa bila kumuaga. Tukarudi tukamvua upinde kwanza, tuone atasema nini. Nilisoma kila mara. Baba Shiro aliacha kuhesabu diski zake mbovu akasema, "Hiyo mwanamke inalia, na nyinyi mnacheka. Hii ni gemu ama ni nini?" Mtu akamjibu, "Ni gemu, Mzee. Si tunaweza kurudi?" Nje ya mabati jiko lilikuwa limezimwa. Sijui Awuor alisikia kiasi gani. Jumamosi alimwambia mama yake kwamba haendi Usenge, kwa hiyo labda hakusikia. Au alisikia na akatupa nafasi nyingine.

Jumapili baada ya kanisa Okello alimwita kwa mfereji wa maji. Sisi saba tulikuwa nyuma ya tangi. Maneno aliyoyasema nilimwandikia mimi, nimeyatoa kwenye gemu pale moyo unapojaa: kwamba amepita nchi nyingi, na kila akigeuka nyuma anamwona yeye tu. Aliyasema vizuri mno. Awuor aliweka mtungi chini ya mfereji, akafungua maji, akasema polepole ili hewa isimtoke, "Basi nimeshamwambia mama. Siendi." Hapo Okello akatazama kwenye tangi. Ule mtazamo nimeutafutia maana mpaka leo. Huenda alitaka tumwache. Lakini mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Chagua!", na wote wakaanza kupiga makofi na kuimba, moja, mtoe, mbili, kataa, mpigane, moja, mtoe. Okello akacheka bila kutoa sauti. Akainua kidole kimoja.

Wenzangu wakanigeukia. Baada ya kuchagua ni zamu ya msomaji. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumezoea, na hakuna aliyelazimika kunisukuma. Nilitoka nyuma ya tangi, nikasimama hatua tatu mbele ya Awuor na nguo yangu ya kanisa, nikasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Nilidhani mimi ni mwenzako. Ungeniambia tu, ningeenda mwenyewe." Wakaanguka kwa kicheko. Awuor alinisikiliza mpaka neno la mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akangoja mtungi ujae, kwa sababu ulikuwa bado. Huo ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kusimama. Ulipojaa akafunga mfereji, akajitwika, akaondoka, na hakumwaga hata tone. Jioni ile alipanda gari na shangazi yake. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mwaka huo bila yeye.

Okello tulimaliza naye ile gemu wiki iliyofuata, bila Nyar Msitu, na mwisho wake ulikuwa mzuri tu: tulipewa jiji. Sasa ana watoto na kazi ya kuchomelea vyuma, na tukikutana tunasalimiana. Shule mimi niliacha kidato cha pili, kwa sababu zisizohusiana na haya. Nauza omena na mchele kibandani. Binti yangu ana miaka tisa na simu yangu ni kama yake. Juzi nilimkuta na mchezo wa namna ileile, wenzako, mioyo, majibu mawili chini. Anasoma mwenyewe, kimya, hahitaji mtu. Alimwacha mwenzake mmoja mtoni, akarudi nyuma, akamwacha tena ili aone analia vipi. "Mbona umerudia?" nikamuuliza. Akasema, "Mama, nataka kuona yote." Nilipaswa kumwambia kitu. Nilikwenda kupepeta mchele.

Nasema nilipaswa, maana wakati huo nilikuwa nimeshaonana na Awuor. Mwaka jana mfanyabiashara niliyekuwa nikinunua kwake aliugua, nikaenda Usenge mwenyewe kutafuta mzigo, na wanawake wa ufuoni wakanielekeza kwa mtu mwenye neti nyingi za kuanikia. Alikuwa amenenepa. Kovu liko palepale. Nikasema, "Awuor, ni mimi Atis, wa Nyalenda." Akasema, "Nimekujua ukishuka kwa gari." Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha kwa miaka, nikayasema yote nimesimama juani, na wanawake wanne waliokuwa wakigeuza omena wakatusikiliza. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na ile sauti bado unayo?"

"Sauti gani?"

"Wacha mchezo. Yangu. Toa niisikie."

Ningeweza kukataa. Nilijiambia kwamba kutii ndiyo heshima, kwamba hii ndiyo adhabu yangu na niipokee, na ninaandika hivyo ingawa siamini sana. Nilifungua mdomo nikidhani itakuwa imepotea, mimi ni mwanamke wa kwaya sasa. Ilitoka nzima. Na hewa yake pembeni, na maneno yote, nilidhani mimi ni mwenzako, ungeniambia tu, na nilipofika katikati niligundua kwamba naifanya vizuri, na kwamba ninataka kuifanya vizuri. Wale wanawake wakacheka mpaka mmoja akaketi mchangani. "Yawa, ni yeye kabisa!"

Awuor alinisikiliza mpaka neno la mwisho, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akamgeukia mmoja wao akasema, "Huyu mama mpimieni." Wakanipimia omena kwa gorogoro, yale makopo ya kilo mbili, zote zikiwa zimejaa, na juu ya ile ya mwisho yeye mwenyewe akaongeza kiganja, kama anavyomwongezea mteja yeyote.