Kikombe Chini ya Nailoni

Likizo yetu ya mwisho, mie na Shomari tulivua sare za jeshi tukaingia kwenye majaruba ya chumvi pale Bunju, kumsaidia mama yake. Asubuhi Shomari alifunua nailoni iliyofunika lundo la chumvi mbichi, akalamba matone yaliyojikusanya upande wa chini.

"Onja, braza. Matamu!"

Nilimwambia ana wazimu. Mama yake, Bi Mwanahawa, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi uliofuata tulikuwa vitani, ng'ambo ya Ruvuma, wawili ndani ya handaki karibu na pwani. Gari la maji halikuja siku tatu. Kisima cha pale kilikuwa chumvi tupu. Shomari akakumbuka ile nailoni. Akachimba shimo mahali penye jua, akamwaga humo maji ya kisima, akaweka kikombe katikati, juu akatandaza nailoni na kuiwekea kijiwe katikati ili ibonyee. Mvuke ulipanda, ukagota kwenye nailoni, ukadondokea kikombeni. Chumvi ikabaki shimoni. Jioni tulipata mafunda mawili mawili, na wallahi sijapata kunywa kitu kitamu vile.

Wapumbavu sie. Hatukufikiria kwamba nailoni juani inang'aa, na adui ana macho.

Kesho yake mchana Shomari alitoka kuweka sawa kijiwe. Risasi ikampata pajani.

Nikamvuta ndani. Nikamfunga kwa shati. Damu haikukata.

"Maji," akasema.

Kikombe kilikuwa hatua sita. Nilitoa mkono. Risasi ikachimba mchanga.

Nikaurudisha.

"Kiu inaniua, braza. Kalete."

"Subiri jua lishuke."

Niliogopa. Meno yaligongana, nikajikojolea kama mtoto, na kila alipoita jina langu nilitazama pembeni. Kabla ya alasiri aliacha kuita.

Jua liliposhuka nilitambaa. Kikombe kilikuwa kimejaa maji. Nikayanywa yote, peke yangu, maiti ya rafiki yangu iko nyuma yangu.

Niliporudi Bunju mama yake aliniuliza swali moja tu: alikunywa? Nikasema alikunywa.

Miaka ya tisini wataalamu walileta mtambo kule kwetu. Jua linapasha moto maji ya bahari, mvuke unapenya kwenye utando mwembamba, chumvi inakwama, upande wa pili yanatoka maji matamu. Watu walijaa na ndoo zao. Mie nilisimama mbali. Bi Mwanahawa alikinga kikombe, akaonja, akanifuata nilipo.

"Hebu onja, mwanangu. Yale aliyokunywa Shomari yalikuwa hivi?"

Nikaonja. Maji mengine yakanimwagikia kifuani.

"Ndiyo, mama. Matamu hivi hivi."

"Alhamdulillahi," akasema, akanipangusa kifua kwa upande wa kanga yake. "Basi mwanangu hakufa na kiu."

Bi Mwanahawa tulimzika mwaka jana. Sikuwahi kumwambia.