Nilichagua BASIC kwa sababu ilinisalimia: klabu ya roboti Karatu, miaka ya themanini

Wakuu, heshima zenu.

Nimeona uzi wa yule anayeuliza wanafunzi wanaoanza roboti waanzie programming gani. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Aibu yake inatosha.

Nilikuwa mtunza maabara wa sekondari moja Karatu. Elimu yangu Form Four. Nililala chumba cha nyuma ya maabara, na sikuwa mtu wa kutoka. Kreta ya Ngorongoro iko pale juu tu, mimi niliijua kwa picha ya kalenda.

Wafadhili wakatuletea kompyuta na kiroboti cha magurudumu, umbo la sufuria iliyofunikwa, kalamu tumboni, kinachora kinapopita.

Mkuu wa shule akanikabidhi vyote, pamoja na klabu ya wanafunzi: "Siku ya wazazi kitembee. Kisipotembea, vyote vinakwenda Arusha kwa wenye akili."

Lugha zilikuwa mbili: BASIC, iliyokuwemo ndani ya mashine, na LOGO, iliyokuja kwenye kaseti.

Nikachagua BASIC. Niliwaambia wanafunzi ni "msingi imara".

Uongo. Likizo nzima kabla ya klabu kuanza nilibaki shuleni peke yangu na ile mashine, nikaandika kaprogramu ka BASIC: HABARI ZA ASUBUHI MWALIMU. UMELALAJE? Najibu, nayo inanijibu. Siku nyingine hiyo ndiyo salamu pekee niliyoipata. Chekeni tu.

Wanafunzi wakaanza kunikimbia. Saning'o, kijana wa kifugaji kutoka Ngorongoro, aliniaga vizuri: "Mwalimu, nyumbani ng'ombe wote nawapeleka kwa mluzi. Huyu mmoja anataka mistari kumi na miwili ndio ageuke?"

Akabaki Paskalina wa Endabash. Wiki mbili kabla ya siku ya wazazi akasema, "Mwalimu, samahani. Hii kompyuta inakusalimia wewe. Sisi tunataka sufuria itembee."

Nikapakia LOGO. Paskalina akaandika FORWARD 50.

Sufuria ikaenda!

Alipiga kelele mpaka Saning'o akarudi kuchungulia, na wenzake nyuma yake. Wakaifundisha neno lao, BOMA: ukiliandika, inachora duara na kuacha mlango.

Sasa kazi yao ilibidi ihifadhiwe kwenye kaseti, maana mashine zile ukizima zinasahau yote. Kaseti tupu ungeitoa wapi miaka ile, hata sabuni tulipanga foleni? Niliyokuwa nayo ni ile ya salamu zangu.

"Ina kitu, Mwalimu?" Paskalina akauliza.

"Haina."

Nikabonyeza rekodi.

Siku ya wazazi boma likachorwa, wazee wakapiga makofi, mashine ikabaki Karatu.

Kisha likizo, wote wakaenda kwao. Asubuhi nikawasha, nikapakia LOGO. LOGO haisalimii, wakuu. Inaweka alama ya kuuliza, inasubiri useme unataka nini.

Ningeweza kuiandika upya ile salamu. Lakini mara ya pili unajua kabisa anayekusalimia ni nani.

Kwa hiyo, mleta swali: wape kinachotembea siku ya kwanza, mengine watayatafuta wenyewe. Na kabla ya kuchagua, jiulize unamchagulia nani.

Mliowahi kufundisha, ninyi mlimchagulia nani? Andikeni, hata kunisema. Nasoma zote.