Mzee Niliyechelewa Kumwamkia

Kazi yangu ni kuchua watu. Nasema hivyo kwa sababu nikisema masaji, wanaume wengine hutabasamu na wanawake wengine huwavuta waume zao pembeni. Chumba chetu kiko Tegeta, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: vitanda viwili, pazia katikati, feni inayozunguka inapojisikia. Tuko wawili, mimi na mama mmoja mtu mzima aliyenitangulia kazini, na tumegawana siku na wateja. Vifaa vyetu ni mafuta ya nazi, taulo na mikono. Mtu akiuliza kama tuna huduma ya ziada, namwambia tunayo, ni maji ya kunywa.

Mwalimu aliyenifundisha kazi hii alikuwa mkali kuliko ilivyokuwa lazima. Mlango haufungwi kwa ufunguo, alisema. Shuka linafunua sehemu inayochuliwa tu. Mteja akisema jambo akiwa kitandani, hulibebi kwenda nalo nyumbani. Na kulikuwa na jingine, ambalo darasa zima tulilicheka: ukikutana na mteja nje, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Tuliona ni mambo ya Kizungu, kwa sababu kwetu kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni matusi. Nilipoanza kazi nikaelewa. Mwanamume amesimama sokoni na mkewe, msichana asiyejulikana anamchangamkia kwa jina, jioni hiyo ana kesi ya kujibu. Na neno masaji likishatajwa katika jiji hili, kesi imekwisha, ameshindwa.

Kwa hiyo kila mteja mpya namwambia mwenyewe: nikikuona nje nitakupita kama sikujui, usidhani nina maringo; ukitaka tusalimiane, anza wewe. Wengi hucheka. Nimewapita watu wengi namna hiyo, benki, misibani, kwenye foleni za maji, mpaka macho yangu yamejifunza kuhama yenyewe bila kuagizwa.

Mzee wa Jumamosi alianza kuja mvua za masika zilipoisha. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa bara, wa kunyoosha suruali mpaka mstari wa pasi unasimama. Bega lake la kushoto lilikuwa limekaza, koti akilivaa kwa shida. Alikuwa akitoka Temeke, anavuka jiji zima kuja kuchuliwa Tegeta, na mimi sikuhitaji kuuliza sababu. Alitaka mahali asipojulikana. Nilipomweleza lile sharti la salamu hakucheka. "Hilo ni jambo la maana sana, binti," akasema. Akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi. Namwamkia, anaitikia, analala kifudifudi, ananyamaza.

Siku moja alilia. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaguswa mgongo tu, machozi yanamtoka, na mwenyewe anashangaa. Niliendelea kuchua. Baadaye akasema, uso umeelekea sakafuni, kwamba tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyemgusa, zaidi ya kupeana mikono kanisani. Watoto wake wanamheshimu. Wajukuu wanaambiwa wasimsumbue babu. Alipomaliza kuvaa aliniomba nimshike mkono kidogo tu, halafu aende zake.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hiyo siyo kazi ninayoifanya hapa."

Akasema nina haki, akainama kufunga viatu. Hakuniomba tena. Nilimheshimu kwa hilo, na nilimwonea huruma zaidi ya nilivyomwonyesha.

Miezi hiyohiyo nilikuwa na mchumba. Tulikutana kwenye kamati ya harusi ya rafiki yangu, yeye upande wa vinywaji, mimi mapambo, tukagombana wiki nzima kuhusu meza ya soda ikae wapi. Alikuwa karani kwa mawakala wa forodha Kurasini. Alikuwa mpole, mwenye utani wa kichinichini, na akisema atapiga simu saa fulani, anapiga. Nilimpenda. Naliandika hilo wazi kwa sababu katika yote yaliyofuata nilionekana kama mtu asiyejali, na hata sasa nikisimulia, sauti yangu haipandi wala haishuki. Alijua ninachofanya na hakuona tabu. Kwao alisema natibu viungo kwenye kliniki, jambo ambalo si uongo sana. Aliniambia baba yake ni mkali wa adabu, amefiwa na mke, na hana matembezi zaidi ya kikao cha wazee wa kanisa siku za Jumamosi. Wazee wa namna hiyo wamejaa Dar es Salaam. Sikuwaza lolote.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Shangazi yake, dada wa baba, alinipitishia jikoni kwanza. Alikuwa mama mwenye mwili na sauti ya kuamrisha, na alinipenda haraka, nadhani kwa sababu nilishika kisu nikamsaidia kukata kachumbari.

"Nikwambie mapema usije ukaaibika," akasema. "Sie kwetu mkwe hamgusi baba mkwe. Mkono humpi, kiti chake hukalii. Hata akiumwa, dawa atampa mtu mwingine, siyo wewe. Umenielewa, mwanangu?"

Nikamjibu nimeelewa, shangazi. Nikafuta mikono nikaenda sebuleni.

Nilipiga goti kidogo nikaanza kuamkia kutokea mlangoni. Mjomba. Mama mdogo. Jirani yao wa siku nyingi. Kwenye kiti cha mwisho, chenye kitambaa cheupe cha kufuma, alikuwa amekaa mzee wangu wa Jumamosi.

Macho yakahama. Sikuyaamuru. Nikamruka, nikamgeukia shangazi aliyekuwa ameingia nyuma yangu, nikamwamkia kwa mara ya pili, nikakaa. Sasa najua kwamba nilikuwa namsubiri yeye aanze, kama tulivyopatana. Lakini baba mwenye nyumba, mbele ya ndugu zake, angeanzaje kumsalimia msichana aliyekuja kujitambulisha? Kazi yake pale ilikuwa kungoja shikamoo. Basi tukangojana.

"Mwanangu," shangazi akasema, "baba humwoni?"

"Shikamoo," nikasema. Ilikuwa imekwishachelewa na kila mtu alijua.

"Marahaba," akajibu, akiangalia mkono wa kiti.

Soda zikaletwa. Mjomba akaulizia foleni ya barabara ya Bagamoyo, nikamweleza. Wali ulipakuliwa, nikala, na ningeulizwa wakati ule nimekula nini nisingeweza kusema. Sikuona aibu wala woga. Nilikaa tu pale, mwili umepigwa ganzi, nikijibu ninapoulizwa.

Mchumba wangu alinisindikiza hadi barabarani.

"Ile ishu ya mzee ilikuwaje?" akauliza. "Umeamkia watu wote, mpaka jirani. Umemruka baba yangu."

"Nilichanganyikiwa."

"Shangazi umemwamkia mara mbili. Huko siyo kuchanganyikiwa."

Nilikuwa na sentensi moja ya kumaliza yote: baba yako ni mteja wangu. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini ingetoka na mengine nyuma yake, kikao cha wazee ambacho hakikuwepo, safari za Tegeta, na swali la kila mtoto, baba anafuata nini huko. Hata leo naandika bila majina, na mambo mengine nimeyageuza, mtu asije akamtambua. Sikuisema; nikasimamisha daladala, nikapanda. Nilikuwa na hakika mzee mwenyewe atalitengeneza kwa njia yake. Hakuhitaji kujitaja. Angesema tu mwacheni mtoto, ameona haya, na mambo yangekwisha.

Katikati ya wiki mchumba wangu akapiga simu. Mzee amekataa. Amesema binti anayeingia nyumbani kwa watu akamruka mwenye nyumba hafai kuwa mke.

"Nitakuja na shangazi zangu," nikamwambia. "Nitapiga magoti niombe radhi."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Hataki. Sijawahi kumwona hivi. Niambie mie kitu chochote. Nitagombanaje na baba yangu kwa jambo ambalo hata wewe hulielezi?"

Nikamwambia sina la kueleza. Akasema basi, nami nikasema basi, na kila mmoja akangoja mwenzake akate simu.

Sikutegemea mzee angekuja Jumamosi ile. Alikuja. Nilimwamkia, akaitikia, akatundika koti, akaanza kufungua vifungo vya shati kama siku zote. Nilisimama na taulo mkononi nikimtazama mpaka akafika kifungo cha tatu.

"Mzee, kabla hujalala. Ulijua kwa nini sikukuamkia."

"Nilijua."

"Ungesema neno moja tu."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa mwalimu, na alijibu kama mwalimu, taratibu, ili nielewe. "Ningelisema, ungekuwa mkwe wangu. Mkwe hanigusi." Akaushika ukingo wa godoro. "Mwanangu bado kijana, atapata mwingine. Na wewe utapata. Mie sitapata."

Nilisubiri hasira ije. Mtu yeyote angekasirika, na mimi si mtu wa upole, muulize yeyote aliyewahi kudai huduma ya ziada. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa mikono, tangu begani mpaka kwenye vidole, na bado ilikuwa asubuhi.

"Jumanne na Alhamisi kuna mwenzangu hapa," nikamwambia. "Mama mtu mzima. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Ungeniambia, ningekuhamishia kwake siku ileile."

Akaniangalia. Niliona kwamba hilo halikuwahi kumpitia kichwani, hata mara moja, katika wiki nzima aliyokuwa akikataa.

"Angekubali?" akauliza.

"Ni kazi yake, mzee."

Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja. Nikamwambia mimi sitamchua tena, leo wala siku nyingine, na kwamba akitaka kumwambia mwanawe lolote, ni yeye wa kumwambia, kwa sababu mimi siruhusiwi. Akasema atafikiri. Alipotoka nilitandua shuka ambalo halikulaliwa, nikaanza kutandika jingine, kisha nikakaa sakafuni nikalia, pazia limefungwa, mpaka mteja aliyefuata akabisha hodi.

Alikuja Jumanne, akaja na Jumanne zilizofuata. Mwenzangu anasema bega limelegea sana, na kwamba ni mzee mstaarabu, hana usumbufu wowote. Namjibu, vizuri. Mwanawe hajanipigia, kwa hiyo najua mzee bado anafikiri. Namba yake ninayo. Kuna siku naifungua nikaitazama, lakini nikipiga ataniuliza tena kwa nini, na jibu bado si langu kulitoa.