Kabati la Mama Advera

Xavery Mahona hakuyapenda makabati ya boksi, na jambo hilo hakulificha hata mbele ya mwenye mali. Ukimpelekea kwenye karakana yake ya Isevya kabati lililokuja kutoka Dar likiwa vipande vipande pamoja na karatasi ya maelekezo, atalisukuma kwa kidole kimoja, litayumba, kisha atakutazama kana kwamba umemletea mgonjwa uliyemchelewesha nyumbani. "Hii si mbao," atakwambia. "Ni unga wa mbao ulioshikishwa gundi. Unga huo ukinywa maji, kwisha habari yake."

Lakini mjini hapakuwa na aliyeyaponya makabati hayo kama yeye. Aling'oa skrubu zilizolegea, akayapanua matundu yake kwa keekee, akapigilia vijiti vya mninga alivyochonga kutokana na vipande ambavyo mafundi wenzake huvitupa jikoni. Kingo zilizo wazi alizipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, unyevu usipate pa kuingilia. Mgongoni aliweka ubao mmoja wa mshazari. Gundi ya kopo na vanishi ya kuwasha macho hakutaka hata kuzisikia. Maarifa hayo aliyapata kwa baba yake, mrina asali wa upande wa Isikizya, aliyeshona mizinga ya magome kwa vijiti vitupu, bila msumari hata mmoja. Nurbanu, mwenye duka la vitambaa, aliapa kwamba rafu zake sasa angeweza kulala juu yake, na Nurbanu si mwanamke mwembamba.

Kabati moja tu ndilo lililomkaa moyoni, nalo lilikuwa la mkewe, Apolinaria. Alilinunua awekee vyombo vyake, likabomoka masika ya kwanza tu. Kabla halijatengenezwa, binti yao Advera akajifungua huko Dar, na mama mtu akaenda kumsaidia kulea. Alisema miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa nne.

Tuseme wazi: Xavery alimtamani mkewe. Alitamani kumsikia akigombana na redio asubuhi. Ugali aliojipikia ulikuwa ugali kweli, lakini aliula kama anayemaliza kazi. Hata hivyo, neno "rudi" halikumtoka. Alijiambia kwamba mkewe hakuondoka kwa ugomvi kwenda kwa wazazi wake, hata afuatwe. Alikwenda kwa binti yao wenyewe, njia anaijua, akimaliza atarudi. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alikwenda Bagamoyo kwa miguu na pembe begani, akarudi. Yeye kilembwe wake alishindwa kufika hata stendi ya basi.

Badala ya kusema, akalishughulikia kabati. Alilitia vijiti kumi na sita, kila kimoja akakichovya kwenye nta ili kibane sawasawa na bado kiweze kutoka siku kabati likihitaji kuhamishwa. Chini ya rafu akaongeza papi, vibao vyembamba vya mninga, rafu zisije zikabonyea. Alipomaliza akapanda juu yake na viatu vyake, likatulia tuli. Akampelekea mkewe picha, akamwandikia kwamba vijiti vikitolewa kabati linafunguka lote. Moyoni alikuwa na hakika kwamba akiiona tu, atafunga mizigo.

Siku ya pili Advera akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama kaipenda picha mpaka kalia. Anasema, kwa kuwa linafunguka, lije huku. Vyombo vyake viko sakafuni."

Xavery akajibu kwamba sawa. Akalifungua, akaandika namba kwenye kila kipande kwa penseli, akavifunga kwenye magunia na kuyapakia kwenye basi. Vijiti alifunga kumi na tano. Cha kumi na sita alikitia mfukoni, ili kabati liyumbe na mkewe amwambie, "Fundi, njoo mwenyewe." Huo ndio mpango wote wa mtu mzima wa miaka sitini na miwili.

Siku tatu baadaye Apolinaria mwenyewe akapiga.

"Baba Advera, kabati tumeliunga. Kijiti kimoja kilipungua, ila usihangaike. Fundi wa mtaa huu amechonga kingine."

Xavery akauliza, "Cha mti gani?"

"Sijui. Mweupe mweupe hivi."

"Kitalegea," alisema kwa uchungu. Kisha akashindwa kujizuia. "Mama Advera, kijiti chako ninacho mimi. Nilikificha. Nilitaka uniite."



"Nikuite?" mkewe alisema. "Xavery, tangu lini mwanamke wa kwetu aliyekaa nje akajirudisha mwenyewe? Niingie mtaani peke yangu na begi langu, watu waseme nimefukuzwa kwa mwanangu? Mume ndiye anayemfuata mkewe. Mjukuu wako anakwenda chekechea, mwaka wa pili huu sina kazi hapa. Kabati nililitaka nikijua utakuja nalo mwenyewe uliunge."



"Nilikwenda stendi kulipokea basi," Apolinaria aliendelea. "Nilivaa kile kitenge ulichoninunulia. Utingo akashusha magunia, nikamwambia ngoja, kuna mtu bado hajashuka. Nikapanda, nikatazama mpaka kiti cha nyuma."